Touch of Evil (1958): kabla hujanunua diski, hakikisha kasha lina matoleo yote matatu

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wanaokusanya noir za zamani (zile filamu za uhalifu zenye giza) kwenye diski, hasa anayepanga kununua Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles. Filamu hii ukiiulizia kwa jina tu unaweza kuuziwa vitu vitatu tofauti. Nje ya kasha utakuta jina lilelile na sura zilezile za Charlton Heston na Janet Leigh, lakini ndani inaweza kuwa filamu ya dakika kama 96, au 108, au 111. Na hapo urefu ni jambo dogo. Kuna matukio yaliyopangwa upya, kuna sauti zilizofunikwa halafu zikarudishwa, na kuna picha ya sekunde chache iliyoondolewa ikabadilisha tabia ya mtu mzima.

Msimamo wangu nauweka mapema, asiyekubali ajipange: kasha lenye toleo moja achana nalo. Tafuta lenye yote matatu, hata kama itabidi usubiri mpaka mwisho wa mwezi mwingine. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza ilivyokuwa. Studio ya Universal walikuwa na hadithi ya upelelezi iliyotoka kwenye riwaya Badge of Evil ya 1956. Mwandishi wake, Whit Masterson, ni jina la kalamu la watu wawili, Robert Wade na Bill Miller. Heston alikuwa ametoka kucheza Nabii Musa kwenye The Ten Commandments na jina lake lilikuwa juu. Alipoambiwa Welles yumo kama mwigizaji, akauliza kwa nini asipewe aiongoze kabisa. Welles alikuwa na karibu miaka kumi hajaongoza filamu ya studio ya Hollywood. Akapewa, akaandika upya mswada, akakipeleka kisa kwenye mji wa mpakani kati ya Marekani na Mexico. Mji wenyewe, Los Robles, haupo. Walipiga picha Venice, California, nyingi zikiwa za usiku, kwenye mitaa yenye nguzo na matao yaliyochakaa na visima vya mafuta kwa nyuma.

Kisa kwa ufupi: gari linalipuliwa mpakani. Afisa wa Mexico, Vargas (Heston), yuko fungate na mkewe Mmarekani, Susan (Leigh). Anaingia kwenye upelelezi ule na kugundua kwamba kapteni Hank Quinlan, polisi anayeheshimiwa upande wa Marekani, huwa anawabambikia watu kesi. Quinlan ni Welles mwenyewe, kaongezewa unene wa bandia na pua ya bandia, anatembea kwa mkongojo.

Kuna tukio la nyumbani kwa Sanchez, kijana anayeshukiwa kulipua gari, lililopigwa siku ya kwanza kabisa ya kazi. Kamera inakaa zaidi ya dakika tano bila kukatwa. Watu wazima wengi wamebanana kwenye vyumba vidogo, wanapishana mlangoni, wanaongea wote kwa pamoja. Vargas anaingia bafuni, anaangusha sanduku la viatu, nawe unaliona kwa macho yako: ni tupu. Baadaye kidogo Menzies, msaidizi wa Quinlan, anatoka na sanduku lilelile na ndani yake mna vijiti viwili vya baruti. Hakuna aliyekueleza kitu. Umeshuhudia mtu akibambikiwa kesi, na shahidi mwingine mmoja tu ni Vargas. Kwangu mimi hakuna noir nyingine inayokufanya uwe shahidi kwa namna hii.

Upigaji wa picha ulikwisha masika ya 1957. Matatizo yalianzia kwenye uhariri. Studio iliona kazi ya Welles inachanganya, ikaichukua mikononi mwake, ikampa mwongozaji mwingine, Harry Keller, apige matukio ya ziada ya kufafanua mambo. Welles akaoneshwa matokeo mara moja tu. Tarehe 5 Desemba 1957 akamwandikia mkuu wa studio, Edward Muhl, waraka wa kurasa 58.

Nauheshimu sana waraka ule. Mtu kanyang'anywa kazi yake, na bado anaandika kwa adabu, hoja baada ya hoja, akisifu pale alipoona pamefanywa vizuri, akieleza sauti fulani itoke wapi na tukio fulani likatwe wapi. Mwishoni anawasihi wakubali mpangilio ambao ameutolea siku nyingi za kazi. Walichukua machache, mengi wakayaacha.

Filamu ikatoka mapema 1958, fupi, ikaoneshwa kama picha ya pili kwenye tiketi ya picha mbili. Picha ya kwanza ilikuwa The Female Animal. Aliyeiongoza ni Harry Keller, yuleyule aliyeitwa kuiwekea viraka ya Welles. Baada ya hapo Welles hakuongoza tena filamu ya studio ya Hollywood mpaka alipofariki 1985.

Sasa hayo matoleo matatu.

La kwanza ni hilo la 1958 lililoingia kumbi za sinema.

La pili ni la majaribio, lile walilooneshwa watazamaji wachache kabla filamu haijatoka. Lilikutwa kwenye ghala la Universal katikati ya miaka ya 1970. Kwa kuwa ni refu zaidi, wengi wakadhani ndilo la Welles mwenyewe, na kwa miaka mingi hilo ndilo watu walilolijua. Kweli lina vipande vyake zaidi, ila na vya Keller vimo zaidi. Urefu usikudanganye.

La tatu ni la 1998. Mtayarishaji Rick Schmidlin aliusoma waraka, akaishawishi Universal, akampata Walter Murch kuhariri. Murch alikuwa ametoka kushinda Oscar mbili kwa The English Patient, moja ya uhariri na nyingine ya sauti, na kazi hii ilimhitaji mtu wa namna hiyohiyo. Bob O'Neil alisimamia ukarabati wa picha, mhakiki Jonathan Rosenbaum akawa mshauri. Walifanya mabadiliko kama 50, wakifuata waraka.

Wengi watakwambia basi nunua la 1998 uondoke. Hapo ndipo natofautiana nao. Hilo si toleo la mwongozaji. Welles alikuwa marehemu kwa miaka 13, na toleo alilolihariri yeye mwenyewe halikubaki. Zaidi ya hapo, waraka hauelezi filamu aliyoiota. Unaijibu filamu ambayo studio ilikuwa tayari imeshaivuruga, na aliomba yale tu aliyoona wanaweza kumkubalia. La 1998 ni maombi yaliyotekelezwa. Bila kuliona la 1958 hujui alikuwa analalamikia nini, na bila la majaribio hujui studio nayo ilikuwa inahangaika vipi. Ndiyo maana nasema kasha lenye moja limekupa theluthi.

Kwa mpangilio wa kutoka: Universal walitoa DVD ya 2000 yenye toleo la 1998 na maandishi ya waraka ndani ya diski. Mwaka 2008, filamu ilipotimiza miaka 50, wakatoa DVD yenye yote matatu pamoja na nakala ya waraka kwenye kasha. Mwaka 2011 kampuni ya Eureka ya Uingereza ikaitoa kwenye Blu-ray chini ya mfululizo wake wa Masters of Cinema. Universal wakaja na Blu-ray yao ya Marekani 2014, na 2022 kampuni ya Kino Lorber wakatoa 4K (diski yenye picha kali kuliko Blu-ray) ya diski tatu, kila toleo na diski yake.

Karibuni tujadili.


#2 Mchangiaji, Mombasa

Ahsante sana ndugu yangu, umeeleza ukaeleweka. Lakini la 1998 mimi nina ugomvi nalo, nao uko palepale mwanzoni.

Ile picha ya kwanza, ya bomu kutegwa hadi gari kulipuka, mimi niliijua ikiwa na muziki wa Henry Mancini. Zile ngoma za bongo zinapiga kama moyo wa mtu anayekimbia, halafu tarumbeta zinaingia. Huyo ndiye Mancini aliyekuja kutunga Peter Gunn na The Pink Panther, si mtu wa kufutwa hivihivi. La 1998 limeondoa muziki ule na majina ya waigizaji yakapelekwa mwisho. Niliposikia ile kelele ya vilabu na redio nilihisi filamu imepungua joto. Kama Welles aliandika hivyo, sawa, lakini si kila aombalo msanii ndilo bora. Na muziki ule umekaa masikioni mwa watu miaka arobaini.


#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, hoja yako ina uzito, na muziki ule ni mzuri kweli. Hebu niruhusu nikupe upande wa pili kwa kwenda taratibu kwenye hizo dakika tatu na sekunde 20.

Mikono inatega bomu, inaliweka kwenye buti la gari la wazi. Mwanamume na mwanamke wanapanda, gari linaondoka. Kamera iliyo kwenye winchi inapanda juu ya mapaa na gari linapotea nyuma ya majengo. Linatokea tena barabarani, linasimamishwa na mbuzi wanaovuka, linapishana na Vargas na Susan wanaotembea kwa miguu. Wanaachana, wanakutana tena kwenye kizuizi cha forodha, na mwanamke wa ndani ya gari analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani mwake. Gari linapita. Vargas na mkewe wanabusiana. Mlipuko.

Kwenye la 1958 muziki unapiga kwa nguvu ileile mwanzo mwisho, na majina yametanda juu ya picha. Gari likitoka machoni pako, limetoka. Kwenye la 1998 gari lina redio inayolia. Gari likienda mbali redio inafifia chini ya muziki wa vilabu vya barabarani, kila klabu na wimbo wake. Redio ikianza kusikika upya unajua bomu limesogea tena jirani na wale wawili, hata kabla hujaliona gari. Sikio linajua kabla ya jicho. Hofu yake ni ya aina nyingine kabisa.

Na kwenye waraka Welles hakuishia kuomba muziki wa vilabu. Alitaka urekodiwe ukipita kwenye spika ya honi ya bei rahisi, kwenye uchochoro nje ya jengo la sauti, ili upate ule ukali na mwangwi wa mtaani. Alijua kwamba wimbo uliorekodiwa safi studioni hauwezi kusikika kama unatoka mlango wa baa. Murch alikuwa ameshafanya kitu kama hicho kwenye American Graffiti ya 1973, akipiga nyimbo nje na kuzirekodi upya ili zisikike zikitoka kwenye magari. Alipousoma waraka akakuta Welles alishayaandika hayo 1957.

Kinachonishawishi zaidi ni mwisho wa filamu. (Ambaye hajaitazama aruke aya hii.) Menzies kaficha maikrofoni mwilini, anatembea na Quinlan usiku kati ya visima vya mafuta akimwongelesha ili akiri. Vargas anawafuata kwa chini na mashine ya kurekodi, anapita kwenye maji machafu, anapanda vyuma, akihangaika asipoteze sauti. Wanafika darajani, na Quinlan anasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kutoka kwenye mashine. Anaangamizwa na sauti. Filamu inayomaliza hivyo inatakiwa kuanza kwa kukufundisha kusikiliza. Muziki wa Mancini, kwa uzuri wake wote, unaliziba sikio palepale mlangoni.

Muziki wake haukufutwa kwenye filamu nzima, lakini. Sehemu nyingine umebaki, na pianola (piano inayojipiga yenyewe) ya kwa Tanya, mhusika anayechezwa na Marlene Dietrich, iko palepale. Na wewe unayeupenda mwanzo wa 1958 ndiye unayeithibitisha hoja yangu ya kasha lenye matatu: haki yako ya kuuona isipotee kwa sababu mimi napenda mwingine.


#4 Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Nimefuatilia kwa makini. Mimi nipo Muscat na mashine yangu ya Blu-ray niliinunua hapahapa. Nikiangalia mtandaoni naona ya Marekani na ya Uingereza. Je, zote zitacheza? Na 4K kwa picha nyeusi na nyeupe ya 1958 ina faida gani hasa, au ni kulipia jina?


#5 Mleta uzi

Waalaykum salaam. Swali zuri sana, maana watu wengi wanapoteza hela hapa.

Diski za Blu-ray zimegawanywa kwa kanda. Uingereza, Ulaya, Afrika yetu yote na Mashariki ya Kati ni kanda B. Marekani ni kanda A. Mashine uliyoinunua Muscat au Dar es Salaam kwa kawaida ni ya B, kwa hiyo ya Eureka itakuchezea bila shida. Ya Marekani usiagize mpaka uwe na uhakika diski haikufungwa kwa kanda, au mashine yako inasoma kanda zote. Kwenye DVD mgawanyo ni mwingine: Marekani ni 1, Uingereza na Oman ni 2, Tanzania na Kenya ni 5. DVD ya 2008 ya Marekani kwenye mashine ya kanda 5 itakupa ujumbe wa kukataa na basi. Diski za 4K zenyewe hazina kanda, kwa hiyo ile ya Kino Lorber ya 2022 haina mpaka, ila inahitaji mashine ya 4K kwelikweli. Mashine ya kawaida ya Blu-ray haiisomi, PlayStation 4 (PS4) haiisomi. PS5 yenye sehemu ya diski inaisoma.

Jambo jingine kwa wanaonunua DVD za Ulaya. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, huendeshwa kwa 25. Filamu ya dakika 111 inakwisha kwenye 106 na kitu. Ukiona kasha limeandika dakika chache usidhani limekatwa. Lakini sauti nayo inapanda kidogo, na kwa filamu ambayo nimetoka kuisifia sauti, ni hasara. Blu-ray na 4K hazina tatizo hilo, zinakwenda kwa 24.

Kuhusu 4K na nyeusi na nyeupe: faida ipo, na kwa noir ni kubwa kuliko kwa filamu nyingi za rangi. Mpiga picha Russell Metty alitumia lenzi pana, taa chache kali, na usiku halisi. Kwenye kanda za VHS giza lote lilikuwa bonge moja jeusi. Sura ya Quinlan chini ya kofia ilikuwa nusu imepotea. Kwenye nakala nzuri unaona kwamba giza lile lina ngazi: koti jeusi mbele ya ukuta mweusi zaidi, jasho kwenye shavu, maandishi ya bango yaliyochanika ukutani. Filamu ya mm 35 ina chembechembe zake, na diski nzuri inaziacha. Ukikuta nyuso zimelainishwa kama plastiki, mtu kasafisha kupita kiasi, na maelezo yameondoka pamoja na chembechembe.

Usisahau spika. Sauti ya filamu hii ni mono (ya njia moja tu), na spika ndogo za televisheni zinaikaba. Hedifoni za kawaida tu zitakupa ile redio ya gari vizuri. Na washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Welles anapenda watu waongee wakikatizana, na Quinlan anaongea kama anatafuna maneno.


#6 Mchangiaji, Dodoma

Mleta uzi nakupa maua yako. Mimi nina mawili.

Moja, mbona hakuna anayegusa suala la Heston kupakwa rangi ili awe Mmexico? Mimi linanikera kila nikiiona. Steringi anaongea Kiingereza cha Marekani safi kabisa halafu tunaambiwa ni afisa wa Mexico City.

Mbili, umesema kuna picha ya sekunde chache iliyobadilisha tabia ya mtu, halafu hukurudi kuieleza.


#7 Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, la kwanza nakuunga mkono. Ni doa, na mwaka 1957 walikuwepo waigizaji wa asili ya Mexico ambao wangeweza kuibeba. Ninachoongeza ni kwamba kwenye riwaya steringi ni Mmarekani mweupe mwenye mke wa Kimexico. Filamu iliwageuza: mwenye akili, sheria na heshima akawa Mmexico, na mbabaishaji mwenye chuki akawa polisi wa Marekani. Kwa Hollywood ya wakati ule huo ulikuwa uamuzi mzito. Doa linabaki doa, lakini hadithi yenyewe imesimama upande wa Vargas dhidi ya wanaomdharau.

La pili linamhusu Menzies, anachezwa na Joseph Calleia, na kwangu huyu ndiye moyo wa filamu. Menzies anampenda Quinlan. Kwa maneno ya Quinlan mwenyewe, ule mguu unaomchechemesha uliumizwa na risasi iliyokuwa ya Menzies. Kwa hiyo anadaiwa maisha yake.

Vargas anampeleka Menzies kwenye chumba cha kumbukumbu na kumwekea mezani majalada ya kesi za zamani, akimwonesha jinsi ushahidi ulivyokuwa unapandikizwa. Kwenye matoleo ya zamani kuna picha ya karibu sana ya Menzies hapo, uso umevutwa na lenzi pana, anaporomoka. Unamwona mtu aliyevunjika. Akikubali baadaye kubeba maikrofoni, unaona ni mtu aliyeshindwa na sasa anafanya anachoambiwa.

Kwenye waraka Welles aliomba picha hiyo iondolewe, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiufundi, kwamba lenzi ile ilitumika vibaya. Murch akaiondoa. Anasema alipoitazama upya filamu nzima akaona Menzies amekuwa mtu mwingine. Humwoni tena akivunjika. Unamwona amekasirika, anabisha, anamtetea rafiki yake, halafu mara nyingine unamkuta na maikrofoni. Kilichotokea katikati kimebaki moyoni mwake. Anamsaliti Quinlan kwa uamuzi wake, kwa sababu ya kazi aliyoiamini, na inamuuma kila hatua. Murch aliona kwamba Welles, akimwandikia mkuu wa studio, alitoa sababu nyepesi ya kiufundi badala ya kuanza kumfafanulia moyo wa Menzies.

Sekunde chache, wakuu. Na huwezi kuyaona haya kwa kusimuliwa na mimi. Weka la 1958, nenda chumba cha kumbukumbu, tazama uso ule. Halafu weka la 1998, nenda palepale. Kazi hiyo inawezekana tu kwa mwenye diski zote mbili mkononi. Huduma za kutazama mtandaoni zinakupa toleo moja, na mara nyingi hata hazikwambii ni lipi.


#8 Mchangiaji, Mombasa

Hapo kwa Menzies umenifunga, nakiri sikulitazama kwa jicho hilo. Muziki wangu lakini siuachi.

Swali la mwisho. Ya Eureka nasikia ina filamu tano ndani yake, wewe unasema matoleo matatu. Hizo mbili za ziada ni nini?


#9 Mleta uzi

Hahaha, muziki uweke tu, kasha lina nafasi.

Hizo tano ni matoleo yaleyale matatu, ila la 1958 na la 1998 kila moja limewekwa kwa vipimo viwili vya picha (upana ukigawanywa kwa kimo): 1.37, ambacho ni karibu na mraba, na 1.85, ambacho ni kipana. La majaribio lipo kwa 1.85 peke yake. Kamera ilirekodi fremu ndefu ya 1.37, lakini kufikia 1957 kumbi za Marekani zilikuwa zinafunika juu na chini na kuonesha picha pana. Wapenzi wa filamu wamebishana miaka mingi Welles alitunga kwa kipimo kipi.

Mimi nasimama na 1.85. Kumbi zilikuwa hivyo na Welles alijua. Ukitazama vichwa vya watu kwenye kile chumba cha Sanchez, kipana kinawabana zaidi, unakosa hewa pamoja nao. Lakini kwenye 1.37 unapata dari. Welles alipenda kuiweka kamera chini ili Quinlan aonekane amejaza chumba mpaka juu, na kwenye fremu ndefu dari linamkalia kichwani. Tazama tukio la hotelini usiku, Quinlan na Grandi, mkuu wa genge la mjini, kwa vipimo vyote viwili. Taa ya nje inawaka na kuzima, na lile dari linafanya chumba kiwe kama kaburi. Hapo tu ndipo 1.37 inanishinda nguvu.

Anayeanza leo, namshauri hivi: aanze na la 1998 kwa 1.85, asisome kitu kabla. Kisha asome waraka. Kisha la 1958. La majaribio aliache mwisho, na alitazame akiwa amewasha sauti ya maoni ya Rosenbaum na mtaalamu wa filamu James Naremore, maana hao wawili wanaonesha kwa kidole kipi ni cha Welles na kipi ni cha Keller. Toleo la 2008 lina pia maoni ya Heston na Leigh wakiongea na Schmidlin. Leigh alifanya kazi ile mkono wake ukiwa umevunjika, na ukishajua hilo utaanza kuona jinsi makoti na mikao inavyouficha.

Aliye na nakala ya 2008 yenye waraka wa karatasi na anataka kuiuza, anitumie ujumbe. Rafiki yangu wa Arusha anaitafuta.